Pikipiki kuvuja oili baada ya kufumuliwa injini: sababu na namna ya kuzuia

Madereva wengi wa bodaboda mkoani Morogoro wanaijua hali hii. Injini inaanza kutoa jasho la oili. Fundi anaifumua, anabadilisha gasketi na kuifunga. Baada ya wiki mbili oili inaonekana tena palepale. Dereva anarudi gereji, anaongezewa silikoni, na kabla mwezi haujaisha injini imelowa upya.

Jibu kwa ufupi ni hili: injini haivuji kwa sababu gundi ilikuwa kidogo. Inavuja kwa sababu pa kuvujia hapakutambuliwa, au uso wa chuma haukusafishwa na kunyooshwa, au bolti zilikazwa bila mpangilio, au pumzi imezidi ndani ya injini na inatafuta pa kutokea. Mambo yote manne yanashughulikiwa kabla ya kufunga au wakati wa kufunga. Injini ikishafungwa vibaya, hakuna kitu cha kupaka kwa nje kitakachoiponya.

Makala haya yanaeleza hatua moja baada ya nyingine. Yanamfaa fundi, na yanamfaa pia mwenye pikipiki anayesimama pembeni akitaka kujua kama kazi anayolipia inafanywa sawasawa.

INJINI INAYOPOZWA KWA UPEPO

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo huku kwetu, zile za sisi 125 na 150 kama Boxer na TVS, hazina rejeta wala maji. Zinapozwa kwa upepo unaopita kwenye yale mapezi yaliyopangana kuzunguka silinda na hedi. Kazi iliyobaki ya kupoza inafanywa na oili, ambayo huchota joto kwenye pistoni na hedi na kulishusha chini kwenye tumbo la injini.

Aina hii ya injini ina historia ndefu Afrika Mashariki. Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe ilipozwa kwa upepo, na ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1957 na 1962. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alimaliza wa pili kwenye mashindano hayo akiwa na Porsche 911, gari la mbio ambalo injini yake iliendelea kupozwa kwa hewa hadi mwaka 1998. Wanaokarabati magari hayo ya zamani wanapambana na jambo lilelile linalomsumbua fundi wa Msamvu au Mkuyuni: kuifunga injini isivuje.

Sababu yake iko kwenye joto. Injini ya upepo haikai kwenye joto moja. Ukipanda kutoka Sangasanga kwenda Mgeta na magunia mawili nyuma, mwendo ni mdogo, upepo ni kidogo, na injini inachemka. Ukishuka inapoa haraka. Kila inapopata joto chuma kinatanuka, kila inapopoa kinasinyaa. Hedi na tumbo la injini ni aluminiamu, bolti ni chuma cha pua au chuma cha kawaida, na aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kawaida. Kwa hiyo nyuso mbili zilizobana gasketi zinasuguana kidogo kidogo kila siku. Gasketi iliyokaa vizuri inavumilia msuguano huo kwa miaka. Iliyokaa juu ya uchafu au mkwaruzo haivumilii.

TONE MOJA LINAVYOWEZA KUUA INJINI

Watu wengi huona tone la oili chini ya pikipiki kuwa jambo la uchafu tu. Hebu tupige hesabu. Matone 20 hivi hufanya mililita 1. Injini ikidondosha tone moja kila sekunde 10, na pikipiki ikitembea saa 6 kwa siku, hayo ni matone 2,160, yaani karibu mililita 108. Pikipiki nyingi za aina hii huchukua takriban lita 1 tu ya oili. Ndani ya siku tano nusu ya oili imekwisha, na dereva hajasikia mlio wowote.

Oili ikipungua, ile iliyobaki inafanya kazi ya lita nzima: inachemka zaidi, inakuwa nyepesi, na haitoshi kulainisha. Hapo ndipo hedi inakula sehemu zinazoshika kemshafti, pistoni inakwaruza silinda, na mwisho mkono wa pistoni unaanza kugonga. Kwa dereva aliyechukua pikipiki kwa mkataba, injini ikinoki deni halisimami. Hesabu ya bosi inadaiwa vilevile, na chombo kimelala.

Kuna hatari nyingine isiyongoja siku tano. Oili inayovuja kwenye sili ya sproketi ya mbele inabebwa na mnyororo hadi gurudumu la nyuma. Tairi lenye oili au breki iliyolowa oili, kwenye mteremko wa Kinole au Nyandira na abiria nyuma, ni ajali inayosubiri kona. Ukiona oili kwenye tairi au kwenye breki, usibebe mtu mpaka chanzo kimetengenezwa na sehemu hizo zimesafishwa.

TAFUTA INAKOTOKA

Oili haikai mahali inapovujia. Inateremka kwa uzito wake na inasukumwa nyuma na upepo. Ndiyo maana injini iliyolowa chini ya silinda mara nyingi inashukiwa gasketi ya chini, wakati oili inatoka juu kwenye kifuniko cha tapeti. Injini nzima inafumuliwa bure.

Fanya hivi. Injini ikiwa baridi, isafishe kwa brashi na maji ya sabuni, au mafuta ya taa kidogo pale penye uchafu mgumu, kisha ikauke kabisa. Paka poda ya mtoto sehemu unazozishuku. Endesha dakika 10 hadi 15, zima, halafu mulika kwa tochi ya simu. Poda iliyolowa inaonyesha njia ya oili. Tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Hapo ndipo chanzo.

Sehemu za kukagua, kuanzia juu kwenda chini, ni hizi:

Kifuniko cha tapeti pamoja na vifuniko vidogo vya kurekebishia tapeti, ambavyo hufungwa kwa oringi.

Kati ya hedi na silinda, na kati ya silinda na tumbo la injini.

Kikazio cha mnyororo wa taimingi, nyuma ya silinda.

Kifuniko cha magneti upande wa kushoto na kifuniko cha klachi upande wa kulia.

Sili za mihimili inayotokeza nje: ya gia, ya kiki, na ya sproketi ya mbele.

Kijiti au kifuniko cha kujazia oili, kifuniko cha chujio, na bolti ya kumwagia oili.

Ukishapata chanzo, piga picha. Itakusaidia ukimweleza fundi, na itakusaidia zaidi baada ya ukarabati kujua kama ni palepale au ni mahali pengine.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Kuna mambo matatu yanayosababisha kuvuja ambayo hayahitaji kufumua kitu.

La kwanza ni oili kuzidi. Baadhi ya madereva huongeza "kidogo kwa usalama". Oili iliyozidi inapigwapigwa na krenki, inatoa povu, na inasukumwa nje kupitia sili na bomba la kupumulia. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima juu ya uwanja tambarare, si ikiwa imelalia stendi ya pembeni. Kama ina kioo, oili iwe kati ya alama mbili. Kama ina kijiti, fuata kitabu, kwa sababu aina nyingine hupimwa bila kukaza kijiti.

La pili ni bomba la kupumulia injini kuziba. Pistoni inapopanda na kushuka, hewa iliyo kwenye tumbo la injini inasukumwa na kuvutwa. Bomba dogo la mpira limewekwa ili hewa hiyo ipate pa kutokea, na mara nyingi linaelekea kwenye kisafisha hewa. Bomba hilo likijaa tope, likikunjika, au nyigu akijenga humo pikipiki ilipolala siku nyingi, pumzi inatafuta mlango mwingine. Mlango huo ni sili au gasketi iliyo dhaifu kuliko nyingine. Utabadilisha hiyo, kisha inayofuata itaanza kuvuja. Chomoa bomba, lisafishe, lipulize uhakikishe hewa inapita.

La tatu ni ringi za pistoni kuchoka. Bomba la kupumulia likiwa limechomolewa, washa injini na uweke kiganja karibu na mdomo wake. Pumzi ndogo inayopigapiga ni ya kawaida. Pumzi nzito inayotoka mfululizo ikiwa na moshi ina maana moshi wa mwako unapita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini. Dalili nyingine ni moshi wa bluu kwenye eksozi na oili kupungua hata pasipo na tone chini. Injini ya namna hiyo inahitaji ringi, na pengine kuchongwa silinda. Kuifunga kwa gasketi mpya peke yake ni kupoteza fedha.

Baada ya hapo jaribu bolti. Pengine zimelegea tu. Ila usikaze kwa nguvu bolti iliyo imara tayari kwa matumaini kwamba itaziba. Nyuzi za aluminiamu hung'oka kirahisi, na kifuniko chembamba kinapinda.

KUFUNGUA BILA KUHARIBU

Iwapo ni lazima kufungua, iache injini ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Hedi ya aluminiamu inayofunguliwa ikiwa ya moto inaweza kupinda. Osha nje kwanza, kwa sababu mchanga unaoanguka ndani wakati wa kufungua utamaliza injini kuliko kuvuja kwenyewe.

Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kifuniko, toboa matundu, na kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Bolti za kifuniko kimoja zinatofautiana urefu. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi itagonga mwisho kabla ya kubana, na fundi anayeendelea kukaza atapasua tumbo la injini. Bolti fupi kwenye tundu refu inashika nyuzi chache na kuzing'oa.

Legeza bolti zote kwa robo ya mzunguko kwanza, ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa mshazari, ndipo uzitoe. Kifuniko kikigoma, kigonge taratibu kwa nyundo ya mpira au ya mbao. Usichomeke bisibisi katikati ya nyuso mbili ili kubinua. Mkwaruzo mmoja unaovuka uso, hata kama unauhisi kwa ukucha tu, ni mfereji wa oili.

Angalia pini fupi zenye uwazi zinazoongoza kifuniko au silinda kukaa mahali pake. Zihesabu na uziweke pamoja na bolti. Zikisahaulika, gasketi inakaa upande na tundu la oili linaweza kuzibwa nusu.

KUSAFISHA USO NDIYO KAZI YENYEWE

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa kuwa hakuna anayeona uso baada ya kufungwa. Ziba kwanza uwazi wa injini kwa kitambaa safi ili mabaki yasianguke ndani. Lowesha gasketi ya zamani ilainike, kisha ikwangue kwa kitu laini kuliko aluminiamu: kipande cha plastiki ngumu, mbao, au mwanzi uliochongwa bapa. Ukilazimika kutumia wembe, ulaze, usichimbe.

Usitumie grainda wala msasa mzito kwa mkono mtupu. Vinachimba mabonde yasiyoonekana, na unga wake wa kukwangua ukiingia kwenye beringi hautoki.

Kuangalia kama uso umenyooka, weka rula ya chuma kwa mshazari na umulike tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya sehemu, pamepinda. Kifuniko kilichopinda kidogo kinaweza kunyooshwa kwa kubandika msasa laini juu ya kioo kinene kilicho bapa, kisha kukisugua juu yake kwa mizunguko bila kukandamiza, halafu kukiosha vizuri. Hedi iliyopinda ipelekwe kwa fundi wa mashine. Kwenye hedi kosa dogo linavujisha mwako, siyo oili tu.

Pitisha bolti kwenye kila tundu kwa mkono uone kama nyuzi ni nzima. Futa oili iliyotuama ndani ya matundu yasiyotokea upande wa pili. Bolti inayosukuma oili isiyo na pa kwenda inaweza kupasua chuma, au ikakupa hisia kwamba imekaza kumbe haijabana. Tundu lililong'oka nyuzi litiwe nyuzi mpya za chuma na fundi mwenye vifaa. Kufunga uzi au silikoni kwenye bolti hakushiki.

Mwisho futa nyuso zote mbili kwa kitambaa safi chenye petroli kidogo na uache zikauke. Fanya hivyo nje, mbali na jiko, sigara na betri. Gasketi inataka uso mkavu usio na mafuta.

GASKETI NA SILIKONI

Laza gasketi mpya juu ya ya zamani na ulinganishe kila tundu, hasa yale madogo ya kupitishia oili. Gasketi ya pikipiki nyingine inaweza kufanana kwa umbo na kukosa tundu moja. Tundu hilo moja ndilo linalopeleka oili kwenye hedi.

Gasketi ya hedi haitumiwi mara mbili. Ikishabanwa imechukua umbo la nyuso zile, na haitabana tena sawasawa. Isipakwe silikoni, kwa sababu silikoni haihimili moto wa mwako.

Gasketi ya kukata kwenye boksi la katoni isiwekwe chini ya silinda. Katoni hunywa oili, na unene wake unabadilisha kimo cha silinda, hivyo mgandamizo na mkazo wa mnyororo wa taimingi hubadilika pia. Kama gasketi ya kifuniko cha pembeni imekosekana kabisa, ikatwe kwenye karatasi maalumu ya gasketi yenye unene uleule.

Silikoni ina mahali pake: pale ambapo mtengenezaji ameelekeza, mfano kwenye maungio ya nusu mbili za tumbo la injini zisizo na gasketi ya karatasi. Hata hapo inapakwa safu nyembamba. Unachokiona kimefurika nje kimefurika kiasi hichohicho ndani, ambako hakuna atakayekifuta. Vipande hivyo hukatika, vikafuata oili, vikaziba chujio au tundu la oili. Injini iliyofungwa kwa silikoni nyingi inaweza isivuje hata tone moja na bado ikafa kwa kukosa oili juu. Soma kwenye pakiti muda wa kukauka, na usitie oili kabla ya muda huo.

SILI NA ORINGI

Sili ni ule mpira wa duara unaozunguka mhimili. Una mdomo mwembamba wenye springi ndogo. Upande wenye springi ndio unaoelekea ndani, kwenye oili. Ikigeuzwa, itavuja siku ya kwanza.

Kabla ya kuichomeka, paka mdomo wake oili au grisi kidogo, kwa kuwa mdomo mkavu huungua dakika za mwanzo. Kama mhimili una meno, yazungushie selotepu ili yasiukate mpira, kisha itoe. Isukume sili iingie sawa pande zote ukitumia boksi spana yenye upana unaolingana nayo. Ukiigonga upande mmoja itakaa kwa mshazari.

Pitisha ukucha kwenye mhimili pale mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa ukigusa. Ukihisi mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani. Nafasi ikiruhusu, fundi anaweza kuiweka milimita 1 ndani au nje ya alama ya zamani ili mdomo uguse chuma kizima. Mfereji ukiwa mkubwa, mhimili unabadilishwa. Mhimili unaocheza juu na chini kwa sababu beringi imekufa hautazibwa na sili yoyote.

Oringi ya zamani ikitolewa utaiona imekuwa bapa au ngumu kama plastiki. Badilisha kila iliyoguswa. Ni spea ndogo kuliko zote kwenye kazi hii na inasahaulika kuliko zote. Usiiloweke kwenye petroli, itavimba.

Bolti ya kumwagia oili ina washa laini ya aluminiamu au shaba. Ya aluminiamu weka mpya. Ya shaba inaweza kulainishwa upya kwa kuichoma hadi iwe nyekundu kisha kuitumbukiza kwenye maji.

KUKAZA KWA KIPIMO

Bolti nyingi za vifuniko vya pikipiki hizi ni zile ndogo zenye unene wa milimita 6. Kipimo chake kwenye aluminiamu kwa kawaida ni karibu nyutoni-mita 10. Bolti na nati za hedi zinahitaji zaidi, na kipimo chake kinatofautiana kwa kila aina, kwa hiyo kitabu cha pikipiki ndicho kinachosema. Kifaa sahihi ni spana ya kupimia mkazo.

Asiye na spana hiyo anaweza kutumia mizani ya springi ya kuning'iniza, ile ya kupimia mazao. Nyutoni-mita 10 ni karibu sawa na kuvuta kilo 5 kwenye spana ukiwa umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye bolti. Funga ndoano ya mizani hapo, vuta kwa pembe mraba, na usome. Ukifanya hivyo kwa bolti tano, mkono wako utajifunza nguvu hiyo ni ndogo kiasi gani. Wengi hukaza mara mbili yake bila kujua.

Anza na bolti zote kwa vidole hadi ziguse. Kisha kaza kwa awamu tatu: nusu ya mkazo, karibu na mwisho, halafu mkazo kamili. Kila awamu vuka kwa mshazari kutoka katikati kwenda nje. Ukimaliza bolti moja kabisa kabla ya kugusa nyingine, upande mmoja unabana na mwingine unainuka, na gasketi haikai tena sawa hata ukikaza baadaye.

KUWASHA NA KUFUATILIA

Tia oili mpya ya aina na kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Kwa pikipiki ambazo klachi yake imelala ndani ya oili, tafuta oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili nzito kuliko iliyoelekezwa haizibi tundu. Inachelewa tu kufika juu injini ikiwa baridi, na asubuhi za Mgeta zina baridi.

Washa na uiache injini inguruma taratibu. Fundi afungue kifuniko kidogo cha tapeti ahakikishe oili inafika kwenye hedi. Isipofika, zima mara moja na utafute tundu lililozibwa. Ikifika, funga, iache dakika 10, zima, ipoe, ifute na uikague kwa tochi. Endesha bila mzigo kwenye tambarare kabla ya kupanda mlima, kisha kagua tena baada ya kilomita 50. Kwa injini ambazo kitabu kinaagiza nati za hedi zikaguliwe baada ya mwendo wa kwanza, ukaguzi huo unafanyika injini ikiwa baridi kabisa.

Baada ya hapo kazi ni ya dereva. Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Osha tope kwenye mapezi ya silinda kila unaporudi kutoka barabara ya tope, injini ikiwa imepoa. Mapezi yaliyojaa tope ni sawa na kuivisha injini koti: joto linapanda, gasketi inakauka, inavuja. Na oili inayovuja hukusanya vumbi, ikaongeza koti. Mzunguko huo unakatwa kwa brashi na maji. Kwenye mlima mrefu na mzigo mzito, simama upumzishe injini kabla haijaanza kupoteza nguvu.

OILI CHAFU ISIFIKE KIJITONI

Oili iliyomwagwa ina vipande vya chuma na masizi. Maji ya Uluguru ndiyo yanayokusanyika kwenye bwawa la Mindu kwa ajili ya mji wa Morogoro, na mto Ruvu unayapeleka hadi Dar es Salaam. Watu wa milimani wanayachota hapohapo kwenye vijito. Kusanya oili kwenye dumu lenye kifuniko, mpe anayekusanya oili chafu, na usimwage shambani wala mtaroni. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, maana oili iliyotumika inadhuru ngozi inapogusana nayo mara kwa mara.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Mwenye pikipiki hahitaji kuwa fundi ili kulinda fedha yake. Kabla kazi haijaanza, muulize kwa heshima: inavuja wapi hasa, na tumehakikishaje? Bomba la kupumulia limekaguliwa? Ringi zikoje? Gasketi, oringi na sili zipi zinabadilishwa? Wakati wa kufunga, omba kuuona uso uliosafishwa kabla gasketi haijawekwa, na uupige picha kwa simu. Fundi mzuri hataudhika. Vijana wanaotaka kuujua ufundi huu kwa mpangilio wanaweza kuuliza mafunzo kwenye chuo cha VETA Kihonda, hapa Morogoro.

Ukiona uso ule unang'aa, mkavu, hauna mkwaruzo, na bolti zimepangwa kwenye boksi kila moja mahali pake, sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia kuvuja imekwisha kabla gasketi haijagusa chuma.